Minyoo wa Shemeji Yangu

Hata maisha yake mwenyewe ameniachia mimi niyaandike. Chama chetu cha wafugaji wa mbuzi kinatoa kijarida kila baada ya mavuno, na safari hii walisema wanataka habari za mtu wa kawaida, asiye na cheo, aliyewafaa wenzake. Wakapiga kura, akashinda shemeji yangu. Mjukuu wangu, ambaye ndiye katibu, akampelekea daftari na kalamu mbili. Akakaa navyo wiki tatu. Kalamu moja aliitumia kujikunia mgongo, ya pili sijui iko wapi. Jumatatu akaingia jikoni kwangu, akaliweka daftari mezani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akasema mimi ndiye ninayemjua, basi niandike tu, yeye atasikiliza nikimaliza.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mbili, katika darasa la watu wazima nyuma ya ghala la chama. Herufi zangu zinasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Mjukuu amesema atasahihisha nukta na mikato. Sawa, lakini maneno asiguse, na akigusa nitajua, kwa sababu nitamwambia anisomee kwa sauti. Haya. Mliotaka habari za mtu mvivu kuliko wote niliowahi kuwaona chini ya jua, kaeni mkao wa kula.

Ninyi nyote mnamwita Siku Mbili, hata watoto wasiojua kwa nini. Ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Alikuja kwetu miaka kumi na tisa iliyopita na begi lenye zipu mbovu, redio ya betri, na kofia. Alisema anapita tu, siku mbili, anasubiri lori la matofali limpeleke kwenye kazi. Lori lilikuja kweli. Lilikuja Jumatano, likapiga honi langoni, na yeye alikuwa chooni. Likaondoka. Jumatano iliyofuata lilimkuta na jipu. Ya tatu dereva hakupiga honi tena, alipunga mkono tu na kupita.

Msidhani nilinyamaza. Niliona mtu anatia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja, nikaifungia sukari kabatini na ufunguo nikautia kifuani. Wiki ya kwanza alinuna. Wiki ya pili alizoea, na leo anawaambia watu kwamba sukari inamletea kiungulia. Nikakihamisha chakula cha jioni kutoka saa moja hadi saa kumi na moja, nikijua saa hizo yuko kwenye karata. Siku tatu alikuta sufuria limeoshwa na kufunikwa. Siku ya nne nilimkuta jikoni tangu saa kumi, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Ninyi niambieni, utamfukuzaje mtu anayechambua mchele? Kila nilipobuni njia ya kumwondoa, kumbe nilikuwa namfunza njia nyingine ya kukaa. Na mimi nilijifunza, sikatai. Nilijifunza kupika kitoweo kisitoe harufu nje, na huo ni ujuzi ambao wanawake wote wa mtaa huu hawanao. Mtu huyu alikuwa akisikia harufu ya kitunguu kutoka upande wa pili wa daraja.

Mume wangu, kabla hajafariki, aligawa mbuzi. Mdogo wake alimpa kumi na mmoja, pamoja na kiwanja cha chini, kile cha unyevu kinachopakana na mashimo ya matofali. Mimi nilibaki na kiwanja cha juu na mbuzi wa maziwa, na kwa mikono yangu nikawafikisha thelathini na mmoja. Wageni wakija nawapitisha hapo kabla sijawapa maji ya kunywa. Zizi langu limeinuliwa kwa nguzo, sakafu ya mbao zenye nafasi, kinyesi kinadondoka chini, mbuzi wanalala pakavu. Masikio yao yanafika mdomoni. Asubuhi nakamua madumu mawili, moja la hospitali, moja la mgahawa wa stendi, na mwenye mgahawa hathubutu kupima kwa sababu anajua nimeshapima. Mimi bila mbuzi ni bibi tu, na mabibi wako wengi.

Sasa minyoo. Kwa asiyefuga nieleze mara moja, sirudii. Kuna mnyoo mwembamba kama uzi wa cherehani. Anakaa tumboni mwa mbuzi na kunywa damu. Anataga mayai, mayai yanatoka na kinyesi, yanaangulika, na vitoto vinapanda juu ya majani pamoja na umande, vinamsubiri mbuzi aje kula. Mbuzi mwenye minyoo wengi hafi kwa kelele. Anabaki nyuma ya wenzake, anavimba chini ya taya kama aliyeficha yai, na siku moja unamkuta amelala ubavu.

Mimi sikuwapa nafasi. Kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, nilinywesha dawa mbuzi wote, mmoja baada ya mwingine, kwa chupa ya soda. Hakupita mbuzi hata mmoja, mgonjwa wala mzima, mama wala mtoto. Nikimaliza, siku hiyohiyo nawahamishia malisho mapya niliyoyapumzisha, majani safi, ili matumbo safi yale mahali safi. Watu walikuja kutazama. Wanawake kumi na wawili wa chama niliwafundisha mwenyewe, nikawasimamia hadi wakajua kumfungua mbuzi mdomo bila kung'atwa. Tulikuwa kama jeshi. Mwisho wa mwezi ungesikia mbuzi wakikohoa dawa kutoka daraja hadi stendi.

Na Siku Mbili je? Siku Mbili alinywesha dawa akiwa amekaa. Simsingizii. Aligeuza ndoo, akaikalia katikati ya kiwanja chake, akapiga mluzi. Mbuzi wakaja mbio kudhani ni pumba. Aliyekuja mbio alimwacha aende zake. Aliyekuja wa mwisho, akijikokota, huyo ndiye aliyemshika mguu, kwa sababu huyo alishikika bila yeye kuinuka. Akamnywesha mmoja, labda wawili, kisha akafunika kofia usoni.

Nikamwuliza wale tisa je.

"Shemeji, wale wana mbio kuliko mimi. Mwenye mbio hana shida. Kwa nini nimsumbue naye hakunisumbua?"

Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi. Mbuzi aliyebaki nyuma mara tatu mfululizo, aliyemlazimu Siku Mbili kunyoosha mkono miezi mitatu, alimpeleka buchani. Hata awe na mimba, hata awe mzuri kama bibi harusi. Alisema hataki kufuga mbuzi mwenye kazi nyingi. Basi miaka ikaenda, na kwake wakabaki vijibuzi vya ajabu, vifupi, masikio kama ya paka, na beberu mmoja mwenye pembe moja na nusu aliyenuka hadi redio ikakwaruza. Niliona haya watu wakijua ni wa ukoo wetu. Nikanunua waya nikajenga ua kati ya kiwanja changu na chake, kutoka kwenye mashine ya kusaga hadi kwenye mfereji, ili mbuzi wake wachafu na minyoo wao wasivuke kwangu. Aliniangalia nikichimba mashimo ya nguzo kumi na nane. Alinisifu.

Halafu yakaja masika ya mwaka juzi.

Alianza mmoja, jike mwekundu. Akabaki nyuma. Nikasema mwezi huu nitaongeza dawa. Nikaongeza, akafa. Wiki ileile wawili wengine wakavimba taya. Nikabadili dawa, nikaacha ya kopo la bluu nikachukua nyeupe, nikanywesha wote, nikawahamishia majani mapya kama kawaida. Wakafa watatu. Nikanywesha tena baada ya siku kumi. Niliwanywesha hadi wakiona chupa ya soda wanalala chini wenyewe. Ilipofika katikati ya mvua nilikuwa nimezika wanane, dumu la mgahawa limerudi tupu, na Malkia, jike wangu mkubwa, mama wa nusu ya zizi, ameanza kusimama kwa kuegemea ukuta.

Nani mwenye kosa? Mimi nilijua. Nilishuka hadi kwenye ua, nikamkuta kwenye ndoo yake, na mbuzi wake wanang'aa kama waliopakwa mafuta. Wanang'aa! Wangu wanakufa, vyake vinarukaruka juu ya matofali. Damu ikanipanda. Nilimwambia minyoo wote wanatoka kwake, wanapita na maji ya mfereji, ameniroga kwa uchafu wake, nimemlisha miaka kumi na saba na haya ndiyo malipo. Nikampa hadi Jumamosi ya wiki ya pili afungashe virago, yeye na mbuzi wake na redio yake. Watu wa mashine ya kusaga walizima mashine wasikilize.

Hakubishana. Alisema, "Sawa, shemeji," akakung'uta kofia. Nilitamani abishane.

Mjukuu wangu ndiye aliyetia mguu katikati. Yeye ni mtu wa mifugo kwa kusomea, kila Alhamisi anaweka meza kwenye ghala la chama pamoja na hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Akaniambia, "Bibi, kama unamshtaki babu, leta ushahidi. Tupime kinyesi cha wako na cha wake."

Nilikubali haraka sana. Niliona kesi imekwisha. Nilimsindikiza mwenyewe kuokota. Akachukua kinyesi cha mbuzi wangu watano na cha mbuzi wake watano, akakitia kwenye mifuko midogo. Kisha akawanywesha dawa wote kumi kwa mkono wake, kwa kipimo cha uzito, akasema baada ya siku kumi atachukua tena. Alitaka kuona mayai mangapi yapo kabla ya dawa na mangapi yanabaki baadaye. Mimi nikamwambia achukue mangapi atakayo, mradi matokeo yatoke kabla ya Jumamosi ili shemeji aondoke na barua.

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa napasha maziwa kidogo, ya nyumbani tu. Lori la matofali lilikuwa limeegeshwa karibu na mashimo, nasikia wapakiaji wanacheka, nasikia vijibuzi vinapandishwa. Mjukuu akaingia na karatasi. Hakukaa. Alikuwa anapumua kama aliyefukuzwa.

Alisoma wangu kwanza. Mbuzi wangu mmoja, kabla ya dawa, mayai mia tisa katika kile kipimo chake. Baada ya dawa, mia nane na hamsini. Mwingine hivyohivyo. Wote watano.

"Bibi, minyoo wako wanakunywa dawa kama wewe unavyokunywa chai."

Nikamwambia asome ya shemeji. Wake, kabla ya dawa, mayai mia moja na kitu, wengine hata mia hayakufika. Baada ya dawa, matano. Mmoja hakuwa na hata yai.

Niliketi. Maziwa yakamwagika kwenye jiko, na hiyo ni mara ya kwanza tangu niolewe.

Alinieleza akiwa amesimama, na nikaelewa, na natamani ningekuwa mjinga zaidi nisielewe. Katika minyoo elfu kuna mmoja wawili ambao dawa haiwawezi, wamezaliwa hivyo tu, kama mtu anayezaliwa na vidole sita. Mimi, mwisho wa kila mwezi, niliwaua wale wengine wote. Wale wawili wakabaki peke yao tumboni, hawana wa kugombea naye chakula, wakaoana wao kwa wao. Halafu siku hiyohiyo, nikiwa najipiga kifua, nikawabeba ndani ya mbuzi na kuwapeleka kwenye majani safi yasiyo na mnyoo mwingine yeyote, wakataga huko, wakajaza kiwanja kizima ukoo wao. Nilifanya hivyo kwa miaka. Niliwachagulia wachumba na nikawajengea nyumba. Na mbuzi wangu nao, kwa kuwa niliwapigania kila vita, miili yao haikujua kupigana. Mlegevu na imara wote niliwabakiza, na wote wakazaa.

Shemeji, kwa uvivu, alikuwa amewaacha minyoo wengi bila dawa. Wale walegevu, wanaouawa na dawa, walibaki, wakachanganyika na wakaidi, dawa ikaendelea kufanya kazi siku alipoihitaji. Na mbuzi asiyeweza kuishi na minyoo alikwenda buchani, anayeweza akazaa. Miaka kumi na saba, minyoo wake wanawasukuma mbuzi, mbuzi wanawasukuma minyoo, na yeye amekaa kwenye ndoo katikati kama mwamuzi aliyelala.

Nikauliza sasa nifanye nini. Mjukuu akatoa chupa ndogo mfukoni, dawa ya aina nyingine kabisa ambayo minyoo wangu hawajaionja. Inatosha mbuzi tisa tu, hakuna nyingine mjini. Tisa, na mimi nimebaki na ishirini na watatu. Na hata hiyo, akasema, nikiwapa kisha nikaendelea na kiwanja hikihiki chenye minyoo wakaidi watupu, mwakani tutakuwa tunaongea mazungumzo haya bila mbuzi.

"Unahitaji minyoo wengine, Bibi. Walegevu. Waje wachanganyike na wako." Akatazama dirishani kuelekea lori.

Msinicheke. Nilikimbia. Nina miaka sabini na moja na nilikimbia na mwiko mkononi, ndala moja ikabaki kwenye matope ya mfereji, sikuirudia. Lori lilikuwa limeshawaka. Siku Mbili yuko juu, amekaa kwenye begi lake lilelile, mbuzi wamemzunguka, beberu amemwekea kidevu begani.

"Shemeji, shuka."

"Nishuke niende wapi? Umenifukuza mbele ya mashine ya kusaga nzima."

"Nimebadili mawazo."

"Unanihitaji?"

Wapakiaji saba walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyewahi kuwafukuza wote shambani kwangu kwa fimbo. "Sikuhitaji wewe," nikasema. "Nahitaji minyoo wako."

Dereva akazima lori ili asikie vizuri.

"Wangapi?" akauliza Siku Mbili.

"Wote."

"Hao nimewalea mwenyewe, shemeji. Siwezi kumpa mtu yeyote tu. Utawatunza?"

Mpakiaji mmoja akakaa chini kabisa, akajifunika uso kwa shati. Beberu akapiga chafya. Nikamwambia aache mzaha, lakini sauti yangu ikatoka vibaya, ikakatika katikati. Nikamwambia Malkia hajasimama tangu jana. Nikamwambia ni minyoo wangu, si wake, na ni mimi niliyewafunza, si mwingine. Hilo nililisema mara moja. Sikulisema tena na sitalisema, ila hapa limeandikwa basi limeandikwa.

Akavua kofia. Kisha akatazama njia ya kufika kiwanja changu, ambayo kwa sababu ya ua wangu ilibidi kuzunguka hadi mashine ya kusaga na kurudi.

"Mimi huko sizunguki," akasema. "Kata waya."

Nikaomba koleo kwa dereva, nikakata waya mwenyewe, nyuzi nne, katikati ya nguzo ya tisa na ya kumi. Kila uzi ukikatika wapakiaji wanahesabu kwa sauti. Siku Mbili akashuka, vijibuzi vikashuka, vikapita kwenye lile pengo kama wageni waliochelewa harusi, vikaanza kula majani yangu na kudondosha kinyesi hapohapo. Na mimi, ambaye nilikuwa nikifagia kiwanja kile, nilisimama na mwiko wangu nikasema karibuni. Nilisema hivyo kwa mbuzi. Nilikuwa nacheka, sijui kwa nini, machozi yananitoka, na mjukuu amenishika kiuno nisianguke.

Ikabaki ile chupa. Mjukuu akatufundisha kumfunua mbuzi kope la chini. Ndani kukiwa kwekundu kama nyanya ana damu ya kutosha, mwache. Kukiwa kweupe kama karatasi, huyo ndiye. Mimi nikawa nafunua makope, mmoja mmoja, ishirini na watatu, mgongo unaniuma. Siku Mbili akatafuta ndoo, akageuza, akakaa, akawatazama tu wakitembea. Akanyoosha kidole, huyu, yule, na yule wa mabaka. Tulipolinganisha, wanane walikuwa walewale. Wanane! Hakugusa hata kope moja.

Wa tisa ndiye tuliyegombania. Mimi nilisema Malkia. Yeye akaonyesha jike mdogo mweusi aliyekuwa anakula pembeni, mweupe wa kope lakini anakula.

"Malkia umempa dawa kila mwezi miaka saba na yuko hapa chini," akasema. "Yule mweusi amekonda sawa na Malkia na bado anatafuna. Dawa mpe yule."

Mjukuu akakubaliana naye. Nikawaambia wote wawili wanyamaze, mbuzi ni wangu na mdomo wa chupa uko mkononi mwangu. Nikampa Malkia. Upeni moyo wangu jina mnalotaka. Usiku huo sikula, na Siku Mbili naye hakula, akasema hana njaa, na mimi namjua mtu huyo tangu siku ya begi, sijawahi kumsikia akisema maneno hayo.

Wawili walikufa kabla ya mvua kuisha. Malkia hakufa. Siku ya nne alisimama, siku ya sita alinilia mkanda wa gauni. Na yule mweusi hakufa pia, alijiponya bila tone la dawa, akaongezeka mwili akiwa anatutazama. Basi sote tulipatia, ndivyo ninavyosema mimi, ingawa mjukuu anasema nusu yangu ni ya kubahatisha. Amenikataza kumpandisha Malkia tena. Anasema watoto wake watarithi ulegevu. Kwa hiyo Malkia sasa hazai, hakamuliwi, anakula tu na kulala mahali pazuri zaidi zizini, na nikimkaripia ananitazama kama mwenye nyumba.

Wengine walipandishwa na beberu wa pembe moja na nusu. Mwaka huu wamezaliwa kumi na tisa. Masikio ya paka, yote. Nikiyaona nageuza uso. Lakini mwezi uliopita nilifunua makope ya zizi zima na nilimnywesha mmoja tu, mmoja, na chupa ya soda ilikaa kavu hadi sisimizi wakaingia. Dumu la mgahawa linajaa tena. Mjukuu amepima kinyesi mara mbili, dawa ya kopo la bluu sasa inaua minyoo saba katika kumi kiwanjani kwangu, na inapanda. Nikamwuliza itafika lini kumi. Akasema haitafika, wala nisiiombe ifike, kwa sababu minyoo nao hawajalala. Sisi tunajifunza, mbuzi wanajifunza, wao wanajifunza, na anayedhani amemaliza ndiye wanayemla kwanza.

Nilimsomea Siku Mbili yote haya jana, yeye kwenye ndoo, mimi kwenye kigoda. Aliniambia nimeliandika jipu lakini sikuandika lilikuwa wapi. Nikamwambia hilo halisomwi na watoto.

Sasa ninyi kumi na wawili niliowafundisha, nanyi mliofundishwa nao, maana najua mmefika hamsini sasa na mnanywesha wote kila mwisho wa mwezi kwa sababu mimi nilisema. Nilisema vibaya. Mwezi huu usinyweshe wote. Funua makope, na wachague angalau watatu wenye kope jekundu uwaache na minyoo wao. Andika kwenye karatasi rangi ya kope la kila mmoja na alama ya sikio lake, uniletee mwenyewe mkononi kabla ya Alhamisi, nami nitakuja kwako kuhakikisha kwamba hukuwapa dawa nikiwa nimegeuka. Usiyejua kuandika, njoo na mbuzi.